Taa za Ba kwenye Mfereji wa Laeken

Siku hiyo nilikuwa nikipanda ngazi za jengo letu la Saint-Josse, nimetoka kazini, nikasikia sauti mbili zikitoka nyumbani kwangu. Moja ilikuwa ya mama yangu. Nikasimama pale pale na mifuko yangu ya sokoni. Mama alikuwa amekaa Brussels tangu majira ya kuchipua, na muda wote huo hakuwahi kumfungulia mtu mlango. Mtu wa posta akigonga, alinyamaza. Jirani akigonga, alinyamaza. Mimi mwenyewe niliingia kwa ufunguo wangu na kumkuta kwenye kiti kilicho karibu na radiateur, kile chuma cha kupasha nyumba joto, koti mwilini, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa.

Nilipofungua mlango, nikamwona mwanamke wa Kihindi amesimama katikati ya sebule. Alikuwa mzee, mfupi, amevaa sari ya kijani na juu yake sweta kubwa la kiume. Sakafu ilikuwa imejaa maji. Mama alikuwa amepiga magoti akiyakausha kwa kitenge changu kizuri.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?" yule mwanamke akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Maji yenu yananinyeshea dukani. Magunia mawili ya unga yamelowa."

Mama alikuwa ameloweka nguo kwenye bafu, akasahau kufunga bomba, akasinzia kwenye kiti chake. Yule mwanamke, ambaye mwanawe alikuwa na duka la vyakula chini yetu, alipanda akapiga mlango na kupiga kelele kwa Kifaransa. Mama hakufungua. Badala yake, nyuma ya mlango, alisema kwa sauti: "Yesu wangu, huyu maman anataka nini tena?"

"Nataka ufunge maji, mama!" sauti ikamjibu kutoka ngazini kwa Kiswahili.

Mama aliniambia baadaye kwamba alidhani amesikia malaika. Alifungua, akaona ni Muhindi.

Hivyo ndivyo Ba alivyoingia nyumbani kwetu. Ba si jina lake. Ni neno la Kigujarati la kumwita mama au bibi, na ndivyo wajukuu zake walivyomwita, na wateja wa duka, na mwishowe sisi. Alizaliwa Mwanza, baba yake akiuza vitambaa, akaolewa huko huko, akazaa huko. Alipofiwa na mume alimfuata mwanawe Ubelgiji, na hapo Kiswahili chake kikakosa mtu wa kuzungumza naye. Mwanawe alikijua lakini alikuwa na haraka siku zote. Wajukuu walijua "jambo" na "pole pole" tu. Kwa hiyo alipokuta juu ya kichwa chake kuna mwanamke wa rika lake anayesema Kiswahili, hata kama ni cha kwetu Bukavu, hakuona sababu ya kukaa chini tena. Karibu kila alasiri alipanda, akalalamikia magoti yake kwenye kila ngazi hadi mlangoni, kisha akaita, "Hodi!"

Walibishana sana. Mama alisema "bantu", Ba akasema "watu". Mama alisema "mutoto yangu", Ba akamsahihisha, "mtoto wangu", mpaka Mama akachoka akamwambia, "Bon, maman, weye unasema kama radio. Lakini hii mutoto nilizaa miye." Walicheza karata, na Ba alikuwa akiiba waziwazi, akiambiwa anajifanya hasikii. Nilikuwa nikirudi kutoka Etterbeek, kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi ya kuwaosha na kuwalisha, nakuta chai ya tangawizi mezani na wote wawili wamenuniana. Nilifurahi mno kuwaona wamenuniana. Mtu anayenuna bado yupo.

Hapa inabidi niseme kwa nini Mama alikuwa vile.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Mimi nilikimbia vita nikaja Ulaya mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, yeye akabaki Bukavu na Mama. Alikuwa akipeleka bidhaa Goma kwa boti na kurudi na nyingine. Msimu mmoja wa mvua boti ilizama katikati ya ziwa. Baadhi ya watu walipatikana, yeye hakupatikana. Habari ilinifikia kwa simu, nikiwa kituo cha wakimbizi, na sikuweza kwenda popote. Ndugu walipotaka kuweka matanga, Mama alikataa. "Matanga ya nani? Munionyeshe kwanza muntu mwenye alikufa." Tangu siku hiyo hakutaja jina lake. Nyumba yetu ya Bukavu inaangalia ziwa, lakini aligeuza kiti chake kikatazama ukuta. Hakuteremka tena ufukweni, wala hakula samaki. Miaka ilipita hivyo. Nilipopata haki ya kumleta Brussels, nilifikiri umbali utamsaidia. Nikaona amehama na kiti chake.

Ba hakujua lolote kati ya hayo. Yeye alijua tu kwamba sombe ya Mama ni tamu. Kwao Ba hawali nyama wala samaki, na mboga hiyo ya majani ya muhogo ambayo wengine huitia samaki wakavu, Mama aliipika kwa mawese na karanga pekee. Ba aliila kwa mkono, akalamba vidole, akasema, "Hiki ni kisamvu kizuri sana."

"Ni sombe," Mama akasema.

"Kisamvu."

"Sombe, maman. Kwangu inaitwaka sombe."

"Haya, sombe. Lakini nyinyi ni watu wa ziwa kama sisi. Mwanza kila jirani alikuwa anatia dagaa. Mbona wewe hutii?"

Mama aliondoa sahani mezani ingawa Ba alikuwa hajamaliza, akaenda jikoni, akafungua maji. Ba akanitazama. Nikamwambia kwa sauti ya chini habari za mdogo wangu, kwa maneno machache. Ba hakusema pole. Alikaa akijifuta vidole kimoja kimoja, kisha akainua sauti kuelekea jikoni: "Mama, leta karata. Jana uliniibia." Yeye ndiye aliyekuwa ameiba.

Vuli iliingia. Dukani kwa mwanawe walitundika taa za rangi dirishani na kupanga masanduku ya peremende za maziwa, maana Diwali ilikuwa imefika. Sikukuu hiyo niliifahamu kwa mbali. Kumbe kwa Ba iliyokuwa na uzito ilikuwa nyingine, inayokuja baada yake mwezi unapokuwa mpevu, wanaiita Dev Diwali. Siku hiyo, alituambia, baba yake aliwapeleka watoto wote kwenye ukingo wa ziwa na vitaa vya udongo vyenye samli na utambi wa pamba. Kila mtu aliweka chake majini na kumkumbuka mtu wake.

"Na huku unawekaka wapi?" Mama akamwuliza.

"Kwenye beseni la vyombo," Ba akasema. "Jikoni. Ningefanya nini? Siku za kwanza nilimwuliza mwanangu, mto wa mji huu uko wapi. Akasema, upo, lakini waliufunika, unapita chini ya barabara. Nikamwambia, hawa ni watu wa namna gani, wanazika mto?"

Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nimpokee uwanja wa ndege.

Lakini mwaka huo, Ba akaendelea, jumuiya yao ndogo ya Wahindu, wanaokusanyika Laeken, ilikuwa imepata kibali cha commune, yaani halmashauri ya mtaa. Wangeruhusiwa kuweka taa kwenye mfereji mkubwa unaopitiwa na mashua za mizigo, ule ambao Brussels nzima tunauita canal. Wangepewa sehemu moja ya gati, na baada ya sherehe wangeopoa kila kitu. "Sasa nyinyi wawili mtakuja nami," akasema. Hakuuliza.

Mama akaacha kucheka. "Miye niko mukristu, maman."

"Najua. Nimekuona na rozari. Sijasema uabudu, nimesema uje."

"Nitabaki hapa."

Jumapili iliyofuata, maman mmoja wa kikundi chetu cha sala alitutembelea, na mimi kwa kupiga domo nikamweleza mwaliko ule. Akaweka kikombe chini. Alisema mambo ya mashetani ya majini, akasema ukristo si nguo ya kuvua ukienda kwa jirani, akasema mengi, akiongea na mimi lakini akimtazama Mama. Mama alisikiliza mpaka mwisho, amefumbata mikono. Maman yule alipoondoka, Mama akaniambia, "Huyu anasemaka sana." Halafu baada ya muda: "Ule maman wa chini, magoti yake ni mabaya. Nani atamushika kule?"

"Mwanawe."

"Mwanawe anakimbiaka tu. Bon. Nitaenda. Lakini nitasimama mbali."

Tulikwenda kwa gari la duka, lile la kubebea mizigo, lililonuka vitunguu na bizari. Mwana wa Ba aliendesha, Ba alikaa mbele na trei ya vitaa mapajani, mimi na Mama tukakaa nyuma juu ya makreti yaliyofunikwa blanketi. Tulifika jua likizama, ingawa jua lenyewe halikuonekana siku hiyo, wala mwezi haukuonekana. Wingu lilikuwa limekaa chini kabisa. "Mwezi upo," Ba alisema akiteremka. "Hautuoni tu."

Gatini palikuwa na watu wengi kuliko nilivyodhani. Familia zilizovaa hariri chini ya majaketi ya baridi, wanafunzi wakipiga picha, watoto wenye kofia za sufu. Upande wa pili zilionekana ghala na milima ya mchanga wa ujenzi. Waendesha baiskeli walipita nyuma yetu wakipiga kengele, wakageuza shingo. Wafanyakazi wawili wa commune waliovaa fulana za kung'aa walikuwa wameweka uzio wa maboya majini, na mmoja wao alikuwa tayari ameshapewa sambusa. Vitaa vilipangwa kwenye ngazi za mawe na kwenye ukingo wote wa gati, na kila mara upepo ulipopita, nusu yake vilizimika na watu wakainama kuviwasha upya, wakicheka na kulaani baridi kwa lugha zao. Sikuwahi kuona watu wakipoteza mapambano hayo kwa furaha kiasi hicho.

Mama alisimama mbali kama alivyoahidi. Alichagua nguzo ya taa ya barabarani, akaegemea, mkoba kifuani. Alikuwa ameupa mfereji mgongo. Niliona anavyotazama magari, nikafikiri tumekosea kumleta.

Wimbo ukaanza, kengele ndogo zikalia, watu wakaanza kushuka kwenye gati la mbao linaloelea, ambapo vitaa vya kuelea viliwekwa kwenye vibakuli vya majani makavu. Mwana wa Ba alikuwa ameitwa kushika kamba fulani. Mimi nilishika trei kwa mikono miwili. Ba alifika penye ngazi, akatazama chini, akatazama magoti yake. Kisha akageuka akaita kwa sauti ya kuita mchuuzi ng'ambo ya barabara:

"Mama! Njoo unishike mkono, nitaanguka!"

"Binti yangu yuko hapo!" Mama akajibu bila kugeuka.

"Ana trei! Unataka niombe huyu wa commune?"

Nilimwona Mama akisimama wima. Aliuhamisha mkoba kutoka bega moja hadi jingine. Kisha akageuka na kuja, akitembea akitazama miguu yake, miguu tu, mpaka akamfikia Ba na kumshika chini ya kwapa kama tunavyowashika wazee kazini kwangu. Waliteremka ngazi moja baada ya nyingine. Mbao zilipoyumba chini yao, Mama alitoa sauti ndogo na kufumba macho. Ba hakumwambia asiogope. Alisema, "Polepole, unaniumiza bega."

Ba alichuchumaa kwa shida. Akachukua kitaa, akawasha kiberiti, upepo ukakizima. Akawasha tena, ukakizima. Mara ya tatu Mama alifungua koti lake na kulitandaza kama mlango upande wa upepo, bila mtu kumwomba, na moto ukashika. Ba alikiweka kitaa majini. Alisema maneno kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yetu: "Huyu ni mume wangu. Alikuwa mtu wa fujo lakini alinipenda." Kitaa kikaondoka, kikizungukazunguka, kikajiunga na vingine.

Akachukua cha pili. Akakishika mkononi bila kukiwasha.

"Na wewe?" akamwuliza Mama.

Macho ya Mama sasa yalikuwa wazi na alikuwa akitazama maji. Yalikuwa meusi, na vile vitaa vilikuwa vimetapakaa juu yake hadi kwenye maboya.

"Inabidi kusema nini?" Mama akauliza mwishowe.

"Ya kwangu usiseme, huyajui. Sema ya kwako."

Mama akapiga magoti kwenye mbao zile baridi. Ba akawasha, mimi nikaweka trei chini na kukinga upepo kwa skafu yangu. Mama akakipokea kitaa kwa viganja viwili. Akasali Baba Yetu, yote, polepole, kama mtu anayeikagua. Alipofika mwisho akavuta pumzi, akataja jina la mdogo wangu. Alilitaja kamili, la ubatizo na la nyumbani, na lile la utani tulilomwita alipokuwa mdogo kwa sababu ya tumbo lake. Kisha akasema, "Mutoto yangu, maji ilikubeba, na Mungu akupokee." Akakiweka majini, akakisukuma kwa ncha za vidole.

Nililia. Mama hakulia. Alikifuata kwa macho kilivyokwenda. Kiligonga boya, kikageuka, kikarudi kidogo, kikatulia. Mashua ya mchanga ilipita mbali, mawimbi yake yakafika kwetu yakiwa madogo, na vitaa vikapanda na kushuka pamoja. Kadhaa vikazimika.

"Cha mwanangu kimezimika," Mama akasema, safari hii kwa Kiswahili cha Ba.

"Ndiyo," Ba akasema. "Na mimi miguu yangu imekufa. Niinueni, twende tukale."

Chakula kilikuwa kwenye ukumbi nyuma ya gati. Mama alipoingia, kitu cha kwanza alichoona kilikuwa msalaba mkubwa ukutani, kwa maana ukumbi ulikuwa mali ya parokia na Wahindu waliukodi tu. Chini ya msalaba kulikuwa na meza ya ladu na kachori. Mama akauangalia, akanigusa kiwiko. "Unaona? Na Yeye alikuya."

Tulikaa watatu kwenye kona. Mama alikula sana. Na huku akila, alianza kumsimulia Ba habari za mdogo wangu, kana kwamba amefungua gunia: alivyoogopa mbuzi hadi ukubwani, alivyoimba vibaya kwaya ikamwomba ashike vitabu, alivyoiba sukari. Mengine niliyajua, mengine sikuyajua. Ba alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha Mama akazungusha kikombe chake, akasema bila kunitazama:

"Kuko mutoto."

"Mtoto gani?" nikauliza.

"Wake. Kule Goma."

Aliieleza polepole. Miezi kadhaa baada ya boti kuzama, msichana mmoja alifika Bukavu na mtoto mchanga wa kike mgongoni. Alisema ni wa mdogo wangu, kwamba walikuwa wanajuana Goma na walipanga kuja kwa Mama pamoja. Mama alimwona mtoto yule. Paji la uso lilikuwa lile lile. Lakini kumpokea kungekuwa kukubali kwamba baba yake hatarudi kumleta mwenyewe. Alimwambia yule msichana kwamba mwanawe yuko safarini, akirudi watazungumza. Akafunga mlango. Msichana hakuja tena.

Mpwa wangu alikuwa hai miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nikituma nguo kwa watoto wa majirani. Ba ndiye aliyesema. "Atakuwa mkubwa sasa. Anakwenda shule."

"Njo vile," Mama akakubali.

"Basi mtafuteni. Dukani kwetu kuna simu."

Tulimtafuta. Nilimpigia binamu yangu wa Goma, yeye akauliza parokiani, parokia ikauliza wanakwaya, mwanakwaya mmoja akamkumbuka msichana aliyekuwa akiuza vitenge sokoni. Ilichukua majira yote ya baridi. Siku tuliyopata namba, Mama alivaa nguo za misa, tukateremka dukani. Mwana wa Ba alikuwa na vibanda vya simu vya mbao upande wa nyuma, kama maduka mengi ya Saint-Josse wakati huo, ambavyo watu waliingia wakapiga kelele na Kinshasa, Ankara na Tangier. Mama aliingia kibanda cha mwisho, mimi nikasimama mlangoni kumshikia koti.

Aliyepokea alikuwa yule msichana, sasa mwanamke aliyeolewa na mtu mwingine. Niliweza kumsikia kwa sababu Mama aliushika mkono wa simu mbali na sikio, kama anaogopa utamuunguza.

"Sasa njo unakumbuka?" mwanamke yule akasema. "Leo?"

"Leo," Mama akasema. "Uko na haki ya kukasirika. Nilikufungia mulango. Mutoto alikuwa analia na nilikufungia mulango. Mi naomba pardon."

Kisha tukasikia mwanamke akipumua, na baada ya hapo akasema kwamba mtoto anaishi kwa bibi yake mzaa mama, anasoma vizuri, ana kichwa kigumu. "Kama baba yake," akasema.

"Kama baba yake," Mama akajibu, na hapo ndipo alipolia, ndani ya kibanda cha duka, huku Mturuki mmoja nyuma yetu akisubiri zamu yake kwa adabu na kutazama dari.

Wiki iliyofuata walituunganisha na mtoto mwenyewe. Alimwita Mama koko, kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao, na swali lake la kwanza lilikuwa kama ni kweli Ulaya watu wanafuga mbwa ndani ya nyumba. Mama alimjibu kwa kirefu sana.

Maman yule wa kikundi cha sala alipata habari za canal, sijui kutoka wapi, akaja na uso mzito. Mama alimkaribisha vizuri, akampa chai. "Nilisema Baba Yetu pembeni ya maji," akamwambia. "Yesu naye alipendaka kukaa pembeni ya maji, na wavuvi. Ongeza sukari?" Maman akaongeza sukari. Mwaka uliofuata alituomba tumpeleke aone zile taa, lakini siku yenyewe mvua ilinyesha akaahirisha.

Sitaki kusema kwamba kila kitu kilibadilika. Mama aliendelea kuilaani baridi ya Brussels na hakuipenda hata siku moja. Lakini alitoka. Alijifunza njia ya soko, njia ya kanisa, na jinsi ya kubishana na wauza nyanya kwa vidole. Alikwenda madarasa ya Kifaransa ya commune pamoja na Ba, ambaye alikijua tayari na alikuwa akifuata maandazi ya wakati wa mapumziko. Karibu kila vuli walikwenda Laeken, Mama akishika magoti ya Ba, kama alivyopenda kusema, na kila mara walirudi wamekosana kwa jambo fulani.

Mpwa wangu alipofika sekondari, Mama aliamua kwenda kumwona. Alisema anakwenda kwa miezi michache. Uwanja wa ndege Ba alimpa chupa mbili za achari, akamwagiza asiziweke karibu na nguo, akamsahihisha Kiswahili mara ya mwisho, wakakumbatiana. Miezi michache ikapita, ikapita mingine. Mama alipanga nyumba ndogo Goma, na mpwa wangu akahamia kwake.

Siku moja nilikuwa kwenye tramu nikitoka kazini, simu yangu ikalia. Sasa kila mtu alikuwa na simu yenye picha, na mpwa wangu akatokea kwenye kioo, mrefu, nywele nusu zimesukwa, paji la uso lile lile, amekasirika, akiniita shangazi kwa Kifaransa chao.

"Tantine, semesha koko! Ananiamusha asubui sana, giza ingaliko, ati tusali. Na tuko vacances, hakuna masomo!"

"Unasema na nani?" sauti ya Mama ikauliza kutoka chumba kingine.

"Na tantine!"

"Mwambie anisalimie Ba. Na weye kuya umalizie nywele, sitangoja mpaka kesho."

Picha ikayumba, nikaona dari, kisha mlango uliofunguliwa na jua limejaa uani, na msichana akiniambia haraka haraka kwamba atapiga tena baadaye.